Karatasi ya Katikati: Santuri za Shelaki Nakuru na Bonde la Ufa

Santuri ya shelaki ni sahani nyeusi, nzito na inayovunjika upesi, iliyochezwa kwa mizunguko 78 kwa dakika na kubeba wimbo mmoja kila upande. Ya kawaida ilikuwa na upana wa sentimita 25 na muda wake ulikuwa kama dakika tatu. Ile kubwa ya sentimita 30 ilifika dakika nne na ushei, na ilipendwa zaidi kwa opera na okestra za Ulaya. Shelaki yenyewe ni utomvu wa mdudu mdogo anayeishi juu ya matawi ya miti huko India na Thailand. Utomvu huo uliyeyushwa, ukachanganywa na unga wa mawe, masizi na nyuzi za pamba, kisha ukakandamizwa ungali moto kati ya kalibu mbili za chuma. Waswahili walikuwa wakiijua jamaa ya kitu hicho hata kabla gramafoni haijazaliwa, kwa kuwa lakiri ya kufungia barua na vifurushi hutokana na utomvu huohuo.

Unga wa mawe haukutiwa kwa ajili ya kuongeza uzito tu. Ulisaga ncha ya sindano ya chuma mpaka ikalingana na mfuo, na kwa sababu hiyo sindano ilipaswa kutupwa baada ya kucheza upande mmoja. Wengi hawakuitupa. Santuri iliyochezwa kwa sindano kuukuu huonekana kwa macho: mifuo yake imegeuka kijivu pale ambapo sauti ilikuwa kubwa.

Katikati ya sahani kuna karatasi ya duara, yaani lebo. Karatasi hiyo haikubandikwa kwa gundi. Iliwekwa ndani ya kalibu pamoja na donge la shelaki, vikakandamizwa pamoja, ikawa sehemu ya sahani. Kwa mkusanyaji wa Bonde la Ufa lebo hii ni zaidi ya pambo. Kampuni nyingi zilizouza muziki wa Afrika Mashariki zilifungwa au kubadilisha wenyewe, na orodha zao hazikuwahi kukusanywa mahali pamoja. Jina la mwimbaji, lugha aliyoimba, nchi sahani ilikotengenezwa na zamu yake katika mfululizo wa kampuni, yote hayo mara nyingi hayakuandikwa kwingine ila kwenye karatasi hiyo na kwenye ukingo mtupu unaoizunguka.

Njia ya santuri kufika Nakuru ilikuwa reli. Njia ya Uganda ilifika hapo mwaka 1900, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na mji ukaota kando ya stesheni. Katika miaka ya 1920 reli nyingine ilijengwa kutoka Nakuru kupanda Uasin Gishu: ilifika Eldoret mwaka 1924 na hatimaye Kampala mwaka 1931. Nakuru ikawa njia panda. Kreti iliyoshushwa bandarini Kilindini ingeweza kugawanywa hapo, nusu iende Molo na stesheni ya Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion na ndiyo iliyokuwa mlango wa reli wa Kericho, na nusu iende nyanda za juu za kaskazini.

Wanunuzi wa kwanza walikuwa walowezi. Njoro, Rongai, Solai, Subukia na Molo zilikuwa sehemu za eneo lililotengwa kwa ajili ya Wazungu, na mashamba yao yalikuwa mbalimbali kiasi kwamba jirani alikuwa mtu wa kufungiwa safari. Gramafoni ya mkoba ilikifaa sana kisiwa cha namna hiyo, kwa kuwa ilitiwa nguvu kwa kuzungusha mkono wala haikutaka umeme. Kampuni ya Gramophone ya Uingereza ilitoa mashine yake ya HMV 101 mwaka 1925, kisha HMV 102 mwaka 1931, na hiyo ya pili iliendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 25. Wateja wa pili walikuwa Wahindi wa mjini, ambao muziki wao ulivuka bahari kutoka kiwanda cha Dum Dum, karibu na Kolkata, kilichofunguliwa mwaka 1928. Waafrika waliofanya kazi mashambani na relini waliisikia mashine hiyo kabla ya kuimiliki, ikilia barazani kwa mwajiri au mlangoni pa duka.

Mwaka 1928 sahani zikaanza kuzungumza Kiswahili. Mwezi wa Machi mwaka huo Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay na kurekodi nyimbo zake kwa ajili ya HMV, na mauzo yakawashtua hata wenye kampuni. Kufikia mwaka 1930 Columbia na Odeon zilikuwa zimeshatuma mafundi wao Afrika Mashariki kutafuta waimbaji. Mwaka 1931 Gramophone na Columbia ziliungana zikawa EMI, na Odeon ikajikuta chini ya paa hilohilo. Lebo hazikuungana. Mnunuzi wa duka la Nakuru aliendelea kuona majina matatu yanayoshindana, kumbe fedha zote zilikuwa zikiingia mfuko mmoja.

Bonde la Ufa la kati lina mchango wake wa pekee katika historia hii, na mchango huo unahusu masikio ya wasikilizaji kuliko biashara. Jimmie Rodgers alikuwa mwimbaji wa Mississippi, Marekani, aliyefanya kazi ya reli kabla ya kuugua kifua kikuu. Alianza kurekodi kwa kampuni ya Victor mwaka 1927 na akafa Mei 1933. Alipiga gitaa na kuimba kwa kurusha sauti juu na kuishusha ghafla. Nyimbo zake zilitolewa Uingereza kwa lebo ya Zonophone, na India kwa lebo ya HMV, na kwa bandari ya Mombasa milango yote miwili ilikuwa wazi. Sahani zake zikawafikia Wakipsigis, waliokuwa wakipiga zeze lao la nyuzi linaloitwa chepkong. Wakalisikia jina lake, wakalikunja liingie katika ulimi wao, likawa Chemirocha.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na kutumia maisha yake kurekodi muziki wa bara hili, alifika Kapkatet, kusini-magharibi ya Kericho. Huko alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo. Ya tatu ndiyo iliyovuma duniani: ni ya wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, sauti zao zikipishana juu ya mapigo ya zeze. Tracey aliandika kwamba kwao Chemirocha alikuwa kiumbe nusu mtu nusu paa. Simulizi nyingine za Wakipsigis zinasema kwamba neno hilo lilikuja kutumika kwa kitu chochote kigeni na cha ajabu. Maelezo hayo mawili hayapingani sana. Sauti ya mtu asiyeonekana, ikitoka katika kisanduku, kwa lugha isiyoeleweka, ilihitaji mwenyewe. Na wasikilizaji walimtafutia mwenyewe kutoka katika mawazo yao. Wageni wamezoea kusimulia kisa hiki kwa kicheko, kana kwamba ni habari ya watu waliodanganywa na mashine. Lakini ukisikiliza vizuri unakuta kinyume chake. Mwaka 1950 muziki wa kigeni ulikuwa umeshatafunwa ukageuka wimbo wa Kipsigis, na haikubaki ndani yake hata noti moja ya gitaa.

Sahani za Rodgers zinafaa pia kama somo la kwanza la kutambua lebo. Mwanzoni mwa 1933 Zonophone iliunganishwa na Regal, ikazaliwa Regal Zonophone. Kwa hiyo wimbo mmoja wa Rodgers unaweza kupatikana na lebo ya Zonophone peke yake, ambayo ni ya kabla ya muungano, au na lebo ya Regal Zonophone, ambayo ni ya 1933 au baadaye, labda mwimbaji akiwa kaburini. Ukisikiliza hutaona tofauti. Namba iliyochongwa kwenye ukingo wa ndani ni ileile iliyotolewa na Victor huko Marekani. Kilichobadilika ni karatasi, na pamoja nayo umri wa sahani.

Vita vya pili vya dunia vilipunguza biashara. Shelaki ilihitajika viwandani kwa kazi za kijeshi, njia za baharini zilikuwa hatarini, na huko Uingereza mnunuzi alitakiwa kurudisha santuri kuukuu zipate kusagwa kutengenezea mpya. Wakati huohuo vita vilileta wasikilizaji. Askari wa King's African Rifles walipita kambi za Gilgil na Nakuru, wakaenda Uhabeshi, India na Burma, wakarudi wakiwa na mishahara ya kutumia, magitaa, na hamu ya nyimbo za lugha zao.

Biashara iliyofuata ilikuwa ya Nairobi, lakini soko lake lilikuwa nchi nzima. HMV ilitoa mfululizo wa lebo ya buluu kwa ajili ya Afrika Mashariki, na Fundi Konde wa Kilifi akawa miongoni mwa nyota wake. Peter Colmore, mlowezi aliyegeuka kuwa mwindaji wa vipaji, ndiye aliyekuwa akiwapeleka wanamuziki mbele ya maikrofoni. Baadaye alimleta Edouard Masengo kutoka Katanga. Kampuni ya East African Sound Studios ilianzisha lebo ya Jambo mwishoni mwa miaka ya 1940. Mfanyabiashara M. J. Shah alikuwa na CMS, kifupi cha Capitol Music Stores, na baadaye AGS, yaani African Gramophone Stores. Herufi CMS huwapotosha wengi wanaoanza kukusanya, kwa sababu nchini Kenya herufi hizohizo zilikuwa za shirika la kimisionari la Kianglikana, ambalo halikuhusika hata kidogo na nyimbo za dansi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Nairobi ikapata kiwanda chake cha kufyatulia sahani, East African Records. Kabla ya hapo kila wimbo wa Kenya ulilazimika kuvuka bahari ili uwe sahani na kuvuka tena kurudi sokoni.

Sahani za kutoka nje ziliendelea kumiminika. HMV ilikuwa imeanza mfululizo wa GV mwaka 1933, uliojaa rumba ya Kuba kwa ajili ya wasikilizaji wa Afrika. Kutoka Léopoldville zilikuja Ngoma, iliyoanzishwa mwaka 1948, na wenzake Opika na Loningisa. Kutoka Johannesburg ilikuja Gallotone, ambayo ndiyo iliyobeba gitaa la Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na huyohuyo Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952. Mwenda aliimba Kiswahili cha Katanga, nacho kilieleweka Nakuru bila mkalimani.

Ndiyo maana mrundo wa santuri za eneo hili hauwezi kuwa wa namna moja. Ndani yake nyimbo za filamu za Kihindi hulala juu ya muziki wa dansi wa London, na chini yake kukawa na Jambo mbili au tatu zilizochakaa kuliko zote. Uchakavu huo nao ni habari. Santuri ya mlowezi ilikuwa moja kati ya mia. Ya mfanyakazi wa reli pengine ilikuwa moja kati ya nne, ikapigwa kila Jumamosi. Haishangazi kwamba za Kiafrika ndizo chache zaidi leo na ndizo zenye mikwaruzo zaidi.

Kusoma lebo huanza na alama ya biashara. Mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni alichorwa na Francis Barraud, na Kampuni ya Gramophone iliinunua picha hiyo mwaka 1899, lakini mbwa huyo aliingia kwenye lebo za santuri mwaka 1909 tu. Kabla yake kulikuwa na malaika aketiye akiandika kwa unyoya juu ya sahani. Santuri yenye malaika, ikipatikana Nakuru, ina umri unaokaribiana na ule wa mji wenyewe. Baada ya alama huja rangi. Kampuni za Uingereza zilitumia rangi kama vyeo: nyekundu kwa waimbaji wakubwa wa opera na ya zambarau iliyoiva kwa muziki wa kawaida, na bei zikafuata rangi. Huku Afrika Mashariki rangi ya buluu ya HMV ilikuwa na maana nyingine, ilitenga soko. Mkusanyaji anayesoma vitabu vya Uingereza na kuchukulia kila buluu kuwa cheo cha kule atakosea.

Kisha kuna nchi. Lebo moja ya mbwa yaweza kusema imetengenezwa Uingereza na nyingine yenye wimbo uleule ikasema imetengenezwa India. Kiwanda cha Hayes, magharibi ya London, na kile cha Dum Dum vilikuwa vya kampuni moja, lakini mchanganyiko wa shelaki, aina ya karatasi na hata umbo la herufi havikulingana. Herufi za mbele ya namba ya orodha husaidia pia: N ya HMV, GE ya Columbia na FT ya Twin, lebo ya bei nafuu, zote ni mifululizo ya India. Katika mrundo wa Nakuru herufi hizo hutenganisha kwa haraka sahani za dukani kwa Wahindi na zile za mashambani.

Lugha iliyoandikwa kwenye lebo ni kidokezo ambacho vitabu vya ng'ambo havikigusi. Kampuni ziliandika Swahili, Kikuyu, Luo na kadhalika ili muuza duka asiyejua lugha ajue amuuzie nani. Majina hayo yana tarehe ndani yake. Lumbwa ni jina ambalo wakoloni waliwaitia Wakipsigis, na lilififia watu wenyewe walipolikataa. Kalenjin, kama jina la kuwakusanya Wakipsigis, Wanandi, Watugen na ndugu zao, lilishika nguvu katika miaka ya 1940. Halitazamiwi kwenye sahani ya kabla ya vita. Majina ya waimbaji nayo yanahitaji jicho la mwenyeji. Mpanga chapa aliyekuwa ng'ambo hakujua kwamba arap hutangulia jina la baba wala kwamba "wa" katika majina ya Wakikuyu ni neno la kuunganisha mtoto na mzazi, hivyo mtu mmoja huweza kuonekana kwenye sahani mbili kwa tahajia mbili na kuhesabiwa watu wawili.

Anwani nazo husema. Sahani inayotaja Koloni ya Kenya ni ya kabla ya Desemba 1963. Barabara ya Delamere ya Nairobi ikawa Kenyatta baada ya uhuru, na barabara ya Government ikaja kuitwa Moi. Muuza duka aliyebandika karatasi yake ndogo kando ya lebo au kwenye mfuko wa sahani anaweza kuwa ameandika Thomson's Falls badala ya Nyahururu, au Lumbwa badala ya Kipkelion. Karatasi hizo ndogo za maduka hazina thamani sokoni, na wakusanyaji wa Ulaya wamekuwa wakizibandua ili lebo ipendeze. Ni hasara kubwa. Ndizo pekee zinazosema sahani iliuzwa wapi, na kwa historia ya mji wa Nakuru zina maana kuliko rangi ya mbwa.

Baada ya karatasi, jicho hushuka kwenye ukingo mtupu kati ya lebo na mfuo wa mwisho. Hapo kuna namba ya matriki, yaani namba ya rekodi yenyewe, isiyobadilika hata lebo ikibadilika. Kwenye sahani za HMV pembetatu ndogo baada ya namba hiyo inaonyesha kwamba sauti ilichukuliwa kwa maikrofoni ya umeme ya Western Electric, mtindo ulioanza 1925; mraba ni alama ya mtambo wa kampuni yenyewe, uliokuja kuanzia 1931. Pasipo alama yoyote kati ya hizo, mara nyingi sauti ilichukuliwa kwa pembe tupu.

Sahani za HMV zilizofyatuliwa Uingereza zina siri moja zaidi. Rekodi ya kwanza ilizaa bamba la chuma linaloitwa mama, na mama akazaa kalibu nyingi za kufyatulia. Namba ya mama huwekwa kushoto kwa lebo. Upande wa kulia kuna herufi, na herufi hizo hufuata neno GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9, na D ni sufuri. Sahani yenye RO ilitoka kwenye kalibu ya 25. Yenye G ilitoka kwenye ya kwanza. Wimbo wenye herufi nyingi ulifyatuliwa mara nyingi, kwa hiyo uliuzwa sana, na hiyo ni takwimu ya mauzo iliyobaki hata pale ambapo daftari la mauzo limepotea.

Ulaghai upo lakini si mwingi, kwa kuwa faida yake ni ndogo. Ulio wa kawaida ni lebo ya karatasi mpya iliyogundishwa juu ya ile ya zamani. Ukucha unatosha kuugundua: lebo ya kweli imezama katika shelaki na haina kingo za kuinuka. Wakati mwingine kubandika juu kulifanywa na kampuni yenyewe, ikisahihisha jina au kuuza akiba ya zamani kwa lebo mpya, na hapo kilichoonekana kama ulaghai huwa ni nadra inayotafutwa.

Utunzaji una kanuni chache, na moja ikivunjwa nyingine hazisaidii. Spiriti huyeyusha shelaki. Dawa nyingi za kusafishia sahani za plastiki zina spiriti, na tone moja tu huacha doa lisilotoka. Maji safi yenye sabuni kidogo yanatosha, mradi lebo isilowe. Sahani husimamishwa wima, hazilazwi moja juu ya nyingine, kwani za chini hupasuka. Sindano ya kisasa ya sahani za plastiki ina ncha ya kama mikroni 25 au chini yake, ilhali mfuo wa santuri ya shelaki unataka kama mikroni 75. Ncha nyembamba huteleza chini kabisa na kuchokoa uchafu. Nakuru iko kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari, na baridi yake huzuia sahani kujipinda kama zinavyojipinda Mombasa. Lakini jina la mji, linalosemekana kutokana na neno la Kimaasai la vumbi, linamtaja adui mkubwa wa mfuo wowote.

Sahani za eneo hili zilitawanyika mara kadhaa. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maskwota wa Kikuyu walianza kuondolewa kwa maelfu kutoka mashamba ya Bonde la Ufa na kurudishwa katika maeneo ya hifadhi. Walipakiwa malori wakiwa na kile walichoweza kubeba, na gramafoni na sahani za kuvunjika si vitu vya kwanza kupakiwa. Miaka kumi baadaye ilikuwa zamu ya walowezi. Kuanzia 1962 mpango wa Ekari Milioni Moja ulinunua mashamba yao, familia nyingi zikauza vyombo na kuondoka, na rafu nzima za opera na dansi zikahamia mikononi mwa wapishi, makarani na wauza vitu vikuukuu.

Kufikia hapo shelaki yenyewe ilikuwa inakata roho. Sahani ndogo ya plastiki ya mizunguko 45, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1949, ilikuwa nyepesi, haikuvunjika na ilipenya kwa posta. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Charles Worrod aliichukua East African Records na kuijenga upya kama Equator Sound. Huko Kericho familia ya Chandarana ilifungua studio iliyowarekodi Wakipsigis, Waluo na Waluhya, akiwamo Kipchamba arap Tapotuk, lakini kazi yao karibu yote iko kwenye sahani za 45. Mkusanyaji wa shelaki hukomea mlangoni pao.

Kazi ya kukusanya kwa utaratibu ilianza nje ya Kenya. John Storm Roberts, aliyewahi kuishi nchini, alitoa mwaka 1988 mkusanyiko aliouita Before Benga. Mwaka 2010 kampuni ya Honest Jon's ya London ilichimbua akiba ya EMI huko Hayes na kutoa nyimbo za Afrika Mashariki ambazo hata wenye asili yake hawakuwa wamezisikia kwa nusu karne. Nchini Kenya taasisi ya Ketebul Music imekuwa ikifuatilia historia za benga na muziki wa Kikuyu tangu 2007, ikichukua sahani pamoja na simulizi za waliozipiga.

Rekodi za Tracey zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katikati ya miaka ya 2010 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul, ilizirudisha nyimbo za Kapkatet kwa njia ya nakala za dijitali. Nakala ya dijitali haina karatasi ya katikati. Waliokwenda Kapkatet walibeba maandishi ya Tracey ya mwaka 1950, yenye majina ya wapigaji na kijiji walikotoka, na kwa majina hayo waliulizia nyumba kwa nyumba mpaka wakawafikia waliokuwa wamebaki hai na watoto wa waliokwisha kufa.